Nimechambua Kila Kitu na Bado Siwezi Kuamua

SWALI

Mpendwa Mshauri,

Salaam. Nimekuwa msomaji wa safu hii kwa muda mrefu, na leo nimeona niandike mwenyewe, kwa kuwa jambo linalonisumbua nimelizungusha kichwani hadi nimechoka.

Mimi ni mwanamke wa miaka 36, nimeolewa, na kazi yangu ni ukaguzi wa hesabu. Tangu utotoni nimekuwa mtu wa kutaka kujua sababu ya kila jambo kabla sijalikubali. Tabia hiyo imenifaa sana kazini. Nikiletewa leja yenye kosa, sibanduki mezani mpaka nijue tarakimu iliyopotea imepotelea wapi. Wenzangu huniletea mafaili yaliyowashinda, nami huyapenda, maana najua kwamba jibu limo humo humo na kinachotakiwa ni subira tu.

Wiki tatu zilizopita nilipewa nafasi ya kazi katika taasisi nyingine. Mshahara unazidi ninaopata sasa na kazi yenyewe naipenda, ila mkataba ni wa miaka 2 na hakuna anayeweza kuniambia kama utaongezwa. Hapa nilipo nina ajira ya kudumu, lakini nimekaa miaka 9 na sioni njia ya kupanda. Natakiwa kutoa jibu baada ya siku 12.

Nimetengeneza jedwali kwenye kompyuta. Lilianza na vigezo 8, sasa vimefika 41, na kila kigezo nimekipa uzito wake na alama zake. Uwezekano wa mkataba kuongezwa nimeuandika asilimia 62, baadaye nikaupunguza hadi 58. Jumatano iliyopita, saa nane usiku, nilikaa kitandani na simu nikiwa nimeifunika kwa shuka ili mwanga wake usimwamshe mume wangu, nikabadilisha uzito wa kigezo cha usalama wa ajira kutoka 7 kuwa 8. Kazi ya sasa ikaongoza. Nikaingiwa na huzuni, nikarudisha 7. Kazi mpya ikaongoza. Nikaingiwa na hofu, nikarudisha 8. Nilifanya hivyo mara nne kabla ya kuzima simu, na sikupata usingizi hadi alfajiri.

Tena si kazi hii tu. Mwaka jana nilisubiri majibu ya kipimo cha hospitali kwa siku 5, na katika siku hizo nilisoma habari za maradhi ambayo hata daktari hakuyataja. Majibu yalipotoka yakiwa mazuri nilipata nafuu kwa siku mbili, kisha nikaanza kujiuliza kama kipimo chenyewe kilifanywa sawasawa. Nikituma barua pepe yenye uzito, huirudia kuisoma hata baada ya kuwa imekwisha kwenda. Mume wangu ni mtu mpole, lakini juzi aliniuliza kwa sauti ya uchovu, "Swali hili umeniuliza mara ngapi tangu asubuhi?" Nilikuwa nimemuuliza mara sita kama anadhani nitajuta.

Watu huniambia niache kufikiri sana. Naomba wewe usiniambie hivyo, kwa sababu sijui kuacha, na kwa kweli sitaki kuwa mtu asiyefikiri. Ninachotaka kujua ni jinsi mtu wa aina yangu anavyoweza kuishi na jambo asiloweza kulijua.

Ni mimi,
Mkaguzi Asiyelala

JIBU

Dada yangu mpendwa,

Nimesoma barua yako mara mbili, na mara ya pili nilikaa kwa muda mrefu kwenye ule usiku wa Jumatano. Sitakuambia uache kufikiri. Naomba tu ujiweke upande wa pili wa meza unayoijua vizuri. Umemkuta mhasibu anayebadilisha tarakimu moja baada ya kuiona jumla, kwa kuwa jumla haikumpendeza, kisha anairudisha kwa kuwa ile ya pili nayo haikumpendeza, na anafanya hivyo mara nne. Usingesema kwamba anafanya hesabu. Ungelisimamisha zoezi na kumuuliza anatafuta nini. Nawe usiku ule hukuwa unachambua tena, maana uchambuzi ulikuwa umekwisha siku nyingi. Kilichobaki kilikuwa hofu, na kwa sababu chombo ulichokizoea ni hesabu, ukajaribu kuituliza hofu kwa hesabu.

Lipo jambo katika usiku huohuo ambalo umelipita haraka. Kazi ya sasa ilipoongoza uliingiwa na huzuni. Kazi mpya ilipoongoza uliingiwa na hofu. Hisia hizo mbili hazisemi kitu kimoja. Huzuni ilikuwa inazungumza juu ya kazi yenyewe, juu ya miaka 9 na njia isiyopanda. Hofu ilikuwa inazungumza juu ya kutojua, na ingekujia vilevile hata kama kazi hiyo mpya ingekuwa ndiyo inayokufaa kuliko zote. Sidai kwamba huzuni ndiyo hukumu, lakini ni ushahidi, na katika vigezo vyako 41 sidhani kama kipo hata kimoja kinachoubeba.

Tuje kwenye jedwali. Humo umechanganya maswali ya namna mbili. Yapo yale ambayo jibu lake lipo mahali fulani na hujalifikia bado: mkataba unasemaje kuhusu notisi na bima, fedha za nafasi hiyo zinatoka wapi, na waliotangulia wenye mkataba kama huo wangapi waliongezewa muda. Haya ni ya kwako, yafukuzie mpaka mwisho. Kisha yapo yale ambayo jibu lake halijazaliwa. Kama mkataba wako wewe utaongezwa baada ya miaka 2 ni jambo ambalo halijui mtu yeyote, hata huyo atakayeliamua, kwa kuwa hajaliamua. Mwanauchumi wa Marekani Frank Knight alieleza mwaka 1921 tofauti kati ya hatari inayopimika, ambapo matukio ya aina moja ni mengi kiasi cha kuhesabiwa, na hali ya kutojua isiyopimika, ambapo tukio ni la peke yake na hakuna mengine ya kulinganisha nalo. Asilimia yako 62, iliyoshuka ikawa 58, inataka kuligeuza jambo la aina ya pili lionekane kama la aina ya kwanza. Ukiombwa stakabadhi ya tarakimu hiyo utatoa ipi? Na kwa nini kazi ya sasa haikuandikiwa asilimia yoyote, kana kwamba neno "kudumu" limefunga mlango wa kila mabadiliko? Jedwali lako linaipima kazi mpya kwa mashaka yake yote na kuipima ya zamani bila shaka hata moja. Huo si mzani sawa.

Kwamba kutojua kunauma, hilo si udhaifu wako. Mwaka 2016 watafiti wa University College London walichapisha jaribio walilolifanya kwa watu 45 waliojitolea kucheza mchezo wa kompyuta wa kukisia ni jiwe lipi lina nyoka chini yake. Nyoka alipotokea, mchezaji alipigwa umeme wa kuumiza mkononi. Watafiti walipima jasho na upanukaji wa mboni za macho, na wakaona kwamba msongo ulifika kilele pale uwezekano wa kupigwa ulipokuwa nusu kwa nusu, kuliko pale mchezaji alipokuwa na hakika kwamba umeme unakuja. Mwili ulitulia zaidi mbele ya maumivu ya hakika kuliko mbele ya maumivu ya huenda. Tena wale ambao msongo wao ulipanda na kushuka sambamba na kiasi cha kutojua ndio waliokuwa hodari zaidi wa kukisia. Napenda ulishike hilo la mwisho, kwa kuwa nadhani umejihukumu kwa muda mrefu kwa kuhisi jambo ambalo mtu mwangalifu hana budi kulihisi.

Tatizo linaanza baada ya hapo. Katika miaka ya 1990 mwanasaikolojia Michel Dugas na wenzake huko Quebec, Kanada, walichunguza kwa nini baadhi ya watu hukaliwa na wasiwasi kuliko wengine, na wakaweka mkazo kwenye jambo moja, yaani jinsi mtu anavyoipokea hali ya kutojua. Wapo wanaoiona kuwa kero ya kawaida, na wapo wanaoiona kuwa hatari yenyewe, ambayo haifai kuachwa hata usiku mmoja. Hawa wa pili hutafuta taarifa, huuliza tena, huhakiki tena, na kila mara hupata nafuu. Nafuu hiyo ndiyo inayowadanganya. Unapomuuliza mume wako kama utajuta naye akakujibu hapana, hofu hushuka kwa dakika chache, na akili hujifunza kwamba kilichokuokoa ni lile swali. Kwa hiyo inalirudia. Mara ya sita hukuwa unatafuta taarifa, kwani alikuwa amekwisha kukupa yote aliyonayo mara ya kwanza. Majibu ya kipimo nayo yalikuwa mazuri kabisa, na bado yalikutuliza kwa siku mbili tu. Kama hakika ingekuwa ndiyo dawa, dozi ile ingetosha.

Sasa nikurudishe kazini kwako, maana nadhani jibu la swali lako unalitumia kila siku bila kulileta nyumbani. Mkaguzi hafungui kila vocha. Huchagua sampuli, huzingatia mahali penye hatari kubwa, hupanga mapema ni kosa la ukubwa gani linaloweza kumpotosha msomaji wa hesabu, kisha hutoa maoni yake na kutia sahihi. Viwango vya kimataifa vya ukaguzi vinamtaka awe na uhakika wa kuridhisha, navyo vinaueleza kuwa uhakika wa kiwango cha juu ambao hata hivyo si kamili. Hakuna mwenye akili timamu anayesema kwamba mkaguzi wa namna hiyo ni mzembe. Na wewe, dada yangu, umetia sahihi yako mara ngapi katika miaka hii 9 ukijua kwamba zipo karatasi ambazo hukuzigusa? Ulifanya hivyo kwa utulivu, kwa kuwa ulikuwa na kanuni inayokuambia ushahidi umetosha. Katika maisha yako hukujiwekea kanuni hiyo. Kazini unaanza kwa kuuliza ushahidi wa kutosha ni upi; kwenye jedwali lako uliendelea kuongeza vigezo ukingoja siku ambayo hofu ingekuambia kwamba vimetosha, na hofu haijawahi kumwambia mtu hivyo.

Watu wenye akili kama yako walikwama hapo tangu zamani. Mwaka 1772 Joseph Priestley, mwanasayansi wa Uingereza, alimwandikia rafiki yake Benjamin Franklin, mwanasayansi na mwanasiasa wa Marekani, kumwomba ushauri juu ya nafasi ya kazi aliyopewa na Lord Shelburne, mwanasiasa wa Uingereza. Franklin alimjibu kwamba hana taarifa za kutosha kumwambia aamue nini, lakini anaweza kumwambia aamue vipi. Alimweleza agawe karatasi mara mbili kwa mstari, aandike sababu za kukubali upande mmoja na za kukataa upande mwingine kwa siku tatu au nne, kisha afute zile zinazolingana uzito. Watu wengi huishia hapo wanapoisimulia njia hiyo. Mimi kinachonivutia ni kile kinachofuata: Franklin anasema kwamba ikiwa siku moja au mbili zaidi zitapita bila kutokea sababu mpya yenye maana, yeye huamua. Alikiri pia kwamba uzito wa sababu hauwezi kupimwa kwa usahihi wa hesabu za aljebra. Yaani mtu aliyependa mizani kiasi hicho aliiwekea kikomo cha siku. Priestley aliikubali kazi, na mwaka 1774, akiwa chini ya Shelburne, alitenga hewa ambayo leo tunaiita oksijeni. Hakuna upande wa karatasi yake ambao jambo hilo lingeweza kuandikwa.

Ipo methali yetu isemayo mchagua jembe si mkulima, na wako watafiti waliofika karibu na maana yake kwa njia yao. Sheena Iyengar, Rachael Wells na Barry Schwartz walichapisha mwaka 2006 utafiti juu ya wahitimu wa vyuo vikuu waliokuwa wakitafuta kazi. Wale waliotaka kupata iliyo bora kuliko zote walipata mishahara ya kuanzia iliyozidi ya wenzao kwa asilimia 20, na bado waliridhika kidogo kuliko hao wenzao waliochukua iliyofaa. Nakuomba usiisome kama ruhusa ya kuchagua ovyo. Isome kama onyo juu ya lile swali la kama utajuta, maana anayetafuta bora kuliko yote huendelea kutazama nyuma hata baada ya kushinda.

Una siku 12, pengine sasa zimepungua. Andika kwenye karatasi, kwa mkono, yale maswali ambayo jibu lake lipo mahali fulani, na usizidishe matano. Jipe siku nne kuyafuatilia kwa watu wenye majibu, ukianza na watakaokuajiri, ambao nina hakika hujawauliza wazi kuhusu fedha za nafasi hiyo kwa kuogopa kuonekana msumbufu. Uliza. Jedwali usilifute, kwa kuwa utalitengeneza upya usiku huohuo. Lifunge lisibadilike, kama hesabu za mwaka zilizokwisha kufungwa. Likikujia wazo la kigezo cha 42, liandike pembeni na ulisubirishe.

Usubirishaji huo una mahali pake. Mwaka 1983 mwanasaikolojia Thomas Borkovec na wenzake, huko Marekani, walieleza njia ya kutenga nusu saa kila siku, wakati uleule na mahali palepale, kwa ajili ya wasiwasi tu. Ukija saa nyingine unautambua, unauahirisha hadi saa yake na kuirudisha akili kwenye kilicho mbele yako. Kwa mtu kama wewe njia hii huwa nyepesi kuliko kuambiwa usiwaze, kwa sababu hainyang'anyi kitu; inakipa ratiba. Kitanda kisiwe mahali hapo, na saa nane za usiku zisiwe wakati huo.

Kisha anza kuuzoesha mwili kutojua kwa vitu vidogo, kwani uvumilivu huu haupatikani kwa kusoma habari zake. Tuma barua pepe moja ya kawaida kesho baada ya kuisoma mara moja tu, na kabla ya kuituma andika unachotabiri: kwamba itakuwa na kosa, kwamba kosa litaonekana, kwamba aliyeipokea atakudharau. Baada ya siku mbili andika kilichotokea. Siku nyingine mwachie mtu mwingine achague mlango wa kuingilia, njia ya kupita, zawadi ya kumpelekea rafiki, bila wewe kulinganisha. Dakika za kwanza zitakuwa nzito, nawe utatamani kuhakiki. Zikae hizo dakika bila kuzifanyia chochote. Utabiri wako ukifika kama ishirini, utakuwa na takwimu halisi juu ya hofu yako, na wewe ni mtu wa kuheshimu takwimu. Mara nyingine kosa litakuwapo kweli. Hapo andika pia ulichokifanya kulirekebisha, maana mtu mwenye wasiwasi huuzidisha ukubwa wa balaa na kuudharau uwezo wake wa kulikabili.

Jambo moja nalisema bila kuzunguka. Ikiwa wasiwasi huu umekushika siku nyingi kuliko usizoshikwa kwa miezi 6 au zaidi, na unakunyima usingizi, unakukaza misuli au unakuharibia kazi, muone daktari au mwanasaikolojia. Yale ya hospitali mwaka jana yananifanya nikuhimize usilipuuze hilo. Matibabu ya mazungumzo ya hali hii yapo na yanasaidia watu wengi, wakiwamo wenye akili kali kama yako.

Siku ya uamuzi, chukua ukurasa mmoja na uandike hati kama unavyoandikia wateja wako. Andika ulichokijua hadi tarehe hiyo, andika ambacho hakikuweza kujulikana, andika umeamua nini na sababu mbili au tatu zilizobeba uzito, kisha tia sahihi na tarehe. Tarehe ndiyo sehemu muhimu. Unajua vizuri kwamba mkaguzi akishatia tarehe kwenye ripoti yake halazimiki kuendelea kukagua yatakayotokea baadaye. Mkataba usipoongezwa miaka 2 ijayo, au ukibaki ulipo na mambo yakabadilika, hati hiyo ndiyo utakayoisoma, nayo itakuonyesha ulivyoamua kwa ushahidi uliokuwapo, badala ya kujihukumu kwa ushahidi uliofika baadaye.

Mpe mume wako nakala, na mwombe jambo moja. Ukimuuliza tena kama utajuta, asikujibu ndiyo wala hapana. Akuulize tu kwa upole, "Hilo si umeshalitia sahihi?" Usiku wa kwanza jibu hilo litakukera. Mvumilie, na simu uiache chumba kingine.

Wako,
Mshauri